Units ya GNU: kikokotoo cha kutoka mita hadi parsek, na mitego yake

Vikokotoo vya kubadili vizio vya urefu vimejaa kila mahali: kwenye simu, kwenye injini za utafutaji, ndani ya lahajedwali. Vingi vinamtosha anayetaka kujua maili tano ni kilomita ngapi. Mambo hubadilika ukiacha mita na kuingia angani, kwa sababu huko kosa dogo ndani ya kanuni hukua likawa mamilioni ya kilomita, na nambari zenyewe ni kubwa kiasi kwamba jicho halishtuki. Ukimwambia mtu chumba kina upana wa kilomita nne atakukatalia papo hapo. Mwambie nyota iko umbali wa kilomita trilioni 38 badala ya trilioni 40, atanakili na kuendelea na kazi.

Programu tunayoipitia hapa ni units ya mradi wa GNU. Ni programu huria, haina malipo, haihitaji intaneti, na hukaa kwenye mstari wa amri: hakuna vitufe wala picha. Unaiandikia ulicho nacho na unachokitaka, nayo inajibu. Hukumu yetu tunaitoa mapema: kwa kazi ya kuvuka kutoka mita, futi na maili hadi vizio vya anga na kurudi, ndiyo tunayoiamini kuliko nyingine. Sababu si wingi wa tarakimu inazotoa, bali ni kwamba inakataa hesabu isiyo na maana. Lakini ina mitego, na miwili kati yake hutoa jibu la kosa bila kulalamika hata kidogo.

Kwanza misingi, maana bila hiyo huwezi kujua chombo kinasema kweli au la. Kizio cha astronomia, ambacho zamani kilieleweka kama umbali wa wastani kati ya Dunia na Jua, leo ni nambari iliyofungwa. Hadi mwaka 2012 kilitokana na hesabu za mvutano wa Jua, kwa hiyo thamani yake kwa mita ilikuwa ya kupimwa na ilikuja na kiasi chake cha shaka. Agosti 2012, mkutano mkuu wa Umoja wa Kimataifa wa Astronomia uliofanyika Beijing ukaamua kiwe mita 149,597,870,700 kamili, na alama yake iwe au kwa herufi ndogo. Mwaka wa nuru ni mwendo wa nuru kwa mwaka wa Julius wa siku 365.25, yaani sekunde 31,557,600 mara mita 299,792,458, na jibu ni mita 9,460,730,472,580,800 bila kubakiza kitu. Parsek ni umbali ambao kutoka huko au moja ingeonekana na upana wa sekunde moja ya tao, nayo sekunde ya tao ni sehemu moja ya 3,600 ya digrii. Parsek moja ni 648,000 gawanya kwa pai, kwa au: takriban au 206,264.806, yaani miaka ya nuru 3.26156.

Upande wa ardhini nao una mambo yake. Maili ya kawaida ni mita 1,609.344 kamili tangu makubaliano ya mwaka 1959, na units hutumia hiyo ukiandika mile. Maili ya bahari ni mita 1,852, kubwa kwa asilimia 15, na ukiichanganya na ya nchi kavu hakuna kikokotoo kitakachokuokoa. Ipo pia maili ya wapima ardhi wa Marekani, iliyostaafishwa mwishoni mwa 2022, ambayo inaizidi ya kawaida kwa sehemu mbili tu katika milioni. Uwanjani tofauti hiyo haionekani. Kwenye au moja inafika maili 186 hivi.

Matumizi ya kila siku

Amri ya msingi ni hii:

units '1 lightyear' au

Jibu linakuja kwa mistari miwili:

* 63241.077
/ 1.5812507e-05

Hapa ndipo wageni wengi hujikwaa. Mstari wenye nyota ndio jibu ulilouliza: mwaka mmoja wa nuru ni au 63,241.077. Mstari wenye mkwaju ni uwiano uleule ukitazamwa kutoka upande wa pili: au moja ni miaka ya nuru 0.000015812507. Herufi e na nambari inayoifuata zinakwambia usogeze nukta ya desimali. E-05 ni hatua tano kushoto, e+12 ni hatua kumi na mbili kulia. Asiyetaka mstari wa pili aongeze -1 kwenye amri. Anayetaka nambari tupu ya kuingiza kwenye programu nyingine atumie -t.

Kwa kawaida hutoa tarakimu nane. Ukitaka zaidi, -d 15 itakupa kumi na tano. Uiombe pale tu unapobadili thamani zilizofungwa kwa ufafanuzi, kama au kwenda mita. Kwa umbali wa nyota tarakimu nyingi ni udanganyifu, na tutalirudia hilo.

Kinachotufanya tuipende kuliko nyingine ni pale unapokosea aina ya kitu. Watu wengi husikia neno mwaka ndani ya mwaka wa nuru wakadhani ni muda. Jaribu kuiambia units igeuze lightyear kuwa year: haitoi nambari, inakuonyesha kwamba upande mmoja una mita na upande wa pili una sekunde, na kwamba havilingani. Mwanafunzi akiona m na s zimesimama uso kwa uso namna hiyo haelezwi tena. Kikokotoo cha simu hakina nafasi ya kukufundisha hilo, kwa sababu kinakuchagulia orodha ya urefu peke yake na hakijui swali lako lilitoka wapi.

Kutokana na uwezo huohuo wa kufuatilia vizio, unaweza kuchanganya vitu bila karatasi ya pembeni. Chombo kinachokwenda kilomita 17 kwa sekunde husafiri umbali gani kwa mwaka? Andika units '17 km/s' au/year, nayo itajibu au 3.586. Mwezi uko wastani wa kilomita 384,400. Ukizipeleka kwenye au unapata 0.0025695553, na ukizipeleka kwenye lightsecond unapata 1.28, yaani nuru huchukua sekunde moja na robo na ushei. Usipokumbuka jina la kizio, iwashe bila kuandika kitu, iambie ulicho nacho, kisha kwenye swali la pili weka alama ya kuuliza: itakupangia vizio vyote vya aina hiyohiyo.

Mitego

Wa kwanza ni neno year lenyewe. Ndani ya units, year ni mwaka wa tropiki, ule wa mzunguko wa misimu, wenye siku 365.242198781. Lightyear yake imejengwa juu ya mwaka wa Julius, kama inavyotakiwa. Kwa hiyo anayejitungia mwaka wa nuru kwa kuandika c year, akiamini kasi ya nuru mara mwaka ni kitu kilekile, atapata au 63,239.726 badala ya 63,241.077. Tofauti ni au 1.35, takriban kilomita milioni 202 kwa kila mwaka wa nuru, umbali unaozidi ule wa kutoka hapa hadi kwenye Jua. Kwa nyota iliyo miaka 100 ya nuru, kosa ni au 135. Programu haikutahadharishi, kwa sababu kwa upande wake hujakosea: umeomba mwaka wa tropiki na umepewa. Andika julianyear kila unapomaanisha siku 365.25, au tumia lightyear moja kwa moja.

Wa pili ni nafasi ndani ya nambari. Vitabu vingi vya sayansi huandika 149 597 870 kwa kutenganisha maelfu na nafasi. Kwa units, nafasi kati ya vitu viwili ni kuzidisha. Ukibandika 149 597 870 km itafanya 149 mara 597 mara 870, ipate 77,389,110, halafu ikujibu kwa utulivu kwamba hiyo ni au 0.51731425. Ulitegemea moja, umepata nusu na ushei. Ondoa nafasi zote kabla ya kubandika, na koma pia.

Wa tatu ndio mbaya kuliko yote, na unastahili kutazamwa kwa karibu. Tuseme unataka kujua gari linalokwenda kilomita 100 kwa saa lingechukua miaka mingapi kumaliza au moja. Ukiandika:

units 'au / 100 km/hour' year

unategemea miaka 170.66. Jibu linalotoka ni kama 7.6e-11. Yametokea makosa mawili kwa mpigo. La kwanza, kwa units kuzidisha kwa nafasi kuna nguvu kuliko kugawanya, hivyo 100 km ilishikamana kwanza, au ikagawanywa kwa hiyo, kisha ikagawanywa tena kwa saa. Kilichobaki si muda bali ni kitu kwa kila saa, yaani muda uliopinduliwa. La pili, badala ya kukataa, programu kwa desturi yake huona kwamba vizio vimepinduliwa, ikavigeuza yenyewe, ikaandika mstari mmoja mdogo wa kukujulisha kwamba imepindua, kisha ikatoa nambari. Asiyeusoma mstari huo anachukua nambari na kwenda nayo.

Dawa ni mbili na zote zinahitajika. Weka mabano: 'au / (100 km/hour)'. Halafu zoea kutumia -s, inayoizuia kupindua vizio kwa hiari yake. Hapo amri ya makosa itakataliwa kama inavyostahili. Kwa maoni yetu -s ingekuwa ndiyo hali ya kawaida. Wanaohitaji kupindua ni wachache kuliko wanaoumizwa. Kwa sehemu za nambari, tumia fimbo iliyosimama: 1|2 parsec ni nusu parsek, lakini 1/2 parsec ni moja gawanya kwa parsek mbili.

Herufi kubwa na ndogo nazo zina uzito. Mm ni megamita, mm ni milimita, na kati yake kuna mara bilioni moja. Hili si la units peke yake. Ni sheria ya vizio vya kimataifa, na huuma kila mahali.

Kutoka paralaksi hadi kilomita

Kazi ya kweli katika eneo hili huanza na paralaksi, yaani pembe ndogo ambayo nyota huonekana kuhama Dunia inapolizunguka Jua, kwa kuwa ndiyo inayopimwa. Umbali kwa parsek ni moja gawanya kwa paralaksi ikiwa katika sekunde za tao. Tuchukue Proxima Centauri, nyota iliyo jirani zaidi na Jua, yenye paralaksi ya milisekunde za tao 768.07 katika vipimo vya chombo cha anga cha Gaia. Geuza kwanza milisekunde kuwa sekunde: 0.76807. Kisha:

units '1 parsec / 0.76807' lightyear

Jibu ni 4.2464408. Kwa au ni kama 268,550, na kwa kilomita ni trilioni 40.17. Ukisahau kugawanya kwa 1,000 utapata parsek 0.0013, yaani au 269 hivi. Huo ni umbali wa kisayari wa mbali, si wa nyota, na kosa lake hugunduliwa haraka na anayejua kwamba Neptuni iko au 30. Ndiyo maana tunashauri kila jibu la parsek lipitishwe pia kwenye au hata kama hulihitaji: akili ina alama za kushika huko.

Sasa tarakimu. Kiasi cha shaka katika paralaksi hiyo ni kama sehemu 0.05 ya milisekunde, kwa hiyo kilicho halali kuandikwa ni miaka ya nuru 4.2464, na hiyo tarakimu ya mwisho tayari inatikisika. Hali ni nzito zaidi kwa Ibuti la Jauza, nyota nyekundu ya kundi la Jabari. Utafiti mmoja uliotolewa 2020 uliweka umbali wake kwenye parsek 168, ikiweza kuzidi kwa 27 au kupungua kwa 15. Ukiipa units parsek 168 itakuandikia kilomita 5.1839383e+15 kwa ujasiri uleule inaotumia kugeuza futi kuwa mita. Tarakimu ya kwanza pekee ndiyo ya kutegemewa. Programu haijui kiasi cha shaka, na hili ndilo pengo lake kubwa: kazi ya kukata tarakimu inabaki kwako.

Kuna jambo la ufafanuzi wa parsek linalowahusu wachache, ila tunalitaja. Andika parsec bila kutaja unachotaka, na programu itakuonyesha ilivyoifafanua. Ukiona tan ndani yake, inatumia tangenti ya pembe badala ya pembe yenyewe kama ufafanuzi wa 2015 unavyosema. Tofauti ni kama kilomita 242 kwa kila parsek, sehemu nane hivi katika trilioni. Hakuna kipimo cha nyota kinachoifikia, lakini anayelinganisha tarakimu 15 na programu nyingine ataona hazilingani na atapoteza muda kutafuta kosa ambalo halipo.

Dhidi ya vingine

Lahajedwali ya Excel ina kitendakazi CONVERT kinachojua "ly" na "pc", na kwa safu ya namba mia mbili kinafaa kuliko kuandika amri. Ajabu ni kwamba hakina kizio cha astronomia. Ukiandika "au" kitakurudishia #N/A. Suluhisho ni kuleta kila kitu kwenye kilomita na kugawanya mwenyewe kwa 149597870.7. Jihadhari pia na "pica" na "Pica", ambavyo ni vizio vya wachapaji, viko jirani na "pc" kwenye orodha, na vinatofautiana vyenyewe kwa herufi kubwa tu.

Wanaoandika programu kwa lugha ya Python watumie Astropy, maktaba yake ya astronomia. Hiyo hubeba kizio pamoja na nambari hesabu nzima, na ina njia iliyotengenezwa maalumu ya kutoka paralaksi hadi umbali:

(768.07*u.mas).to(u.pc, equivalencies=u.parallax())

Milisekunde inazielewa yenyewe, kwa hiyo kosa la kugawanya kwa 1,000 linatoweka. Kwa katalogi ya nyota elfu kumi hatungetumia units kabisa. Ila kumbuka kwamba katalogi za Gaia zina paralaksi hasi, matokeo ya kelele za upimaji kwa nyota za mbali, na kugawanya moja kwa nambari hasi hakuzai umbali wowote.

Vikokotoo vya simu na tovuti hatuvipangi kimoja kimoja, kwa sababu hubadilika kila mara. Vipime mwenyewe kwa swali moja: mwaka mmoja wa nuru ni kilomita ngapi? Jibu sahihi ni 9,460,730,472,580.8. Kikikupa 9.4605284 mara trilioni, kinatumia mwaka wa tropiki. Kikikupa 9.454255, mtengenezaji alizidisha kwa siku 365 kavu, na kila mwaka wa nuru unapungukiwa na au 43, zaidi ya umbali wa Jua hadi Neptuni. Kiondoe.

Kusakinisha ni jambo la dakika moja. Kwenye Debian na Ubuntu ni sudo apt install units. Toleo la Windows lipo pia. Kwenye Mac angalia vizuri, kwa sababu programu ya units inayokuja na mfumo ni ya ukoo wa BSD, siyo hii, na orodha yake ya vizio ni tofauti. Ukisakinisha gnu-units kwa Homebrew, amri inakuwa gunits.

Na kwa wanaofundisha kwa Kiswahili: tengeneza faili liitwalo .units kwenye folda yako ya nyumbani, uandike kila jina kwenye mstari wake, jina jipya kwanza na la zamani pembeni yake.

mwakanuru lightyear
miakanuru mwakanuru
parsek parsec
kilomita km
maili mile
futi foot

Wingi lazima uandikwe kivyake kama tulivyofanya kwa miakanuru, maana programu inajua wingi wa Kiingereza tu. Baada ya hapo, units '4.2464 miakanuru' kilomita inafanya kazi bila neno geni hata moja kwenye vizio.